Mjumbe Asiye na Sauti wa Kambi ya Tuone

Barua iliyomponza Byamungu ilifika Kambi ya Tuone ikiwa imekunjwa mara nane ndani ya kofia ya dereva wa pikipiki, na ilikuwa ya Kifaransa. Kambini wapo watu wanaojua Kifaransa cha kuuzia, cha kutukania na hata cha kusalia, lakini Kifaransa cha ofisi ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo ikapelekwa kwa mwalimu François. Mwalimu akavaa miwani yake yenye mguu mmoja, akaisoma kimya mara mbili, akakohoa, kisha akawageukia wachimbaji na wachuuzi waliomzunguka.

"Kule Kasongo kutakuwa baraza ya daraja," akasema. "Vijiji sita vya barabara vitatuma wajumbe. Na sisi vile tunaweza kutuma mumoja. Lakini wameandika wazi kabisa: akuwe mujumbe bila sauti."

"Bila sauti namna gani?" akauliza Francine, na kuku watatu wakakimbilia chini ya meza.

"Sans voix. Voix ni sauti. Nyuma yake kuko neno ingine, délibérative, lakini ile ni ya kupamba tu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Simlaumu sana mwalimu François. Barua za serikali zina mapambo mengi, na mtu akisimama kwenye kila pambo hafiki mwisho wa ukurasa. Ila safari hii pambo ndilo lililokuwa barua yenyewe.

Daraja lililozungumzwa lilikuwa moja tu. Lilikuwa la chuma, limefunguliwa vipande vipande na kupangwa uani kwa shule moja ya Kasongo, ambako lilikuwa limenyeshewa masika mawili na wanafunzi wakalizoea kwa kuanikia mashati. Waliolileta walivaa kofia kubwa, wakapiga picha, wakaondoka bila kusema liwekwe mto gani. Vijiji sita vilivyo kwenye barabara ya kwenda Kabambare kila kimoja kilisema mto wake ndio mto. Tuone haikuwa kijiji. Ilikuwa na watu elfu mbili, makanisa manne, msikiti wa mbao na vinyozi kumi na mmoja, lakini kwenye ramani ya serikali mahali pake palikuwa na msitu na alama ya kidole cha mchoraji. Watu walikuja kutoka kila pembe kufuata dhahabu, mwendo wa nusu siku kutoka mji wa Salamabila, na ramani haikupata muda wa kuwafuata.

Kila mtu alijua nani angefaa kwenda. Francine alikuwa akipika wali na maharage kando ya mashimo, na chakula kikiiva hakugonga sufuria. Aliita mara moja tu, na wanaume waliokuwa chini ya ardhi, chini kabisa kunakotoka maji, wakaanza kupanda. Mara moja aliita kwa hasira, na pampu ya maji ikazimika yenyewe. Mjumbe kama huyo angelileta daraja Tuone kwa mkono mmoja. Lakini barua ilikuwa barua.

"Basi nani kati yetu hana sauti?" akauliza mwalimu.

Watu elfu mbili hawakuwepo pale, lakini wote waliokuwepo waligeuka kumtazama mume wa Francine.

Byamungu alikuwa fundi redio. Alitoka upande wa Bukavu miaka mingi iliyopita, akiwa na bisibisi tatu na mke, na kambi nzima ilimheshimu kwa sababu aliweza kuirudishia sauti redio iliyoangukia matopeni. Yake mwenyewe hakuitumia. Si kwamba alikuwa bubu, la. Alikuwa na koo zima na meno karibu yote. Ila kila alipotaka kusema jambo alitafuta kwanza neno la kuanzia, na akilipata, watu walikuwa wameshahamia jambo lingine. Siku hiyo pia alitaka kukataa. Alipopata pa kuanzia, alikuwa ameshachaguliwa, na waliomchagua walikuwa wameshakwenda kula.

Sasa nikuambie kwa nini hakutoroka. Mbele ya Tuone, kwenye njia pekee ya kwenda Kasongo, kuna mto Lubimbi, na juu ya Lubimbi kuna gogo moja, limelazwa kutoka ukingo mpaka ukingo. Wenye pikipiki huzisukuma juu yake wakihesabu hatua. Francine aliwahi kulivuka mara moja, miaka minne iliyopita, siku walipohamia kambini. Alilipanda kama mtu anavyopanda punda, macho amefumba, akisogea kwa makalio shibiri kwa shibiri, na alipofika ng'ambo akaapa kwamba harudii tena, hata kambi iungue. Na hakurudia. Mwanamke ambaye hakumwogopa askari wala mchimbaji mlevi aliogopa mti uliolala.

Lakini mtoto wao wa pekee, Clémentine, aliyepelekwa Kasongo kujifunza ushoni, alikuwa amepata mchumba huko, kijana aitwaye Djafari, mwenye duka la vitambaa. Ndoa ilikuwa mwezi wa saba. "Miye nitasikia tu," Francine alisema kila walipoulizwa, akacheka, akageukia sufuria. Byamungu hakudanganyika. Alikuwa amemwona asubuhi mara tatu, amesimama mtoni mbele ya lile gogo, mikono kiunoni, akilitazama kama mdeni wake, kisha anarudi nyumbani akisema alikwenda kutafuta kuni. Kuni hakuwa nazo. Moyo ulimuuma Byamungu, na hakujua aseme nini, kwa hiyo akakubali kwenda kulitafuta daraja.

"Baba Clémentine," Francine alimwambia siku ya safari, akimfungia mkoba, "kule usifungue mudomo. Wakikukamata unasema watatufukuza, na daraja itapotea. Bila sauti ni bila sauti."

Ilikuwa amri rahisi kuliko zote alizowahi kumpa.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa shule ileile yenye daraja uani. Wajumbe sita wa vijiji walipewa viti. Byamungu alipewa dawati la darasa la kwanza, huko nyuma, akaketi magoti yakigusa masikio. Mbele alikaa mzee Amisi, mfanyabiashara wa mjini mwenye kanzu safi na kofia nyeupe, mtu wa heshima kubwa ambaye alikubali kuwa mwenyekiti kwa sharti moja, kwamba asiombwe kuchagua chochote. Pembeni yake alikaa katibu, Mama Léontine, na kalamu zake nne.

Saa ya kwanza ilitosha kuonyesha ugonjwa wa baraza lile. Wajumbe watatu walimfuata Jean-Marie, bwana mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyetaka daraja liwekwe kijijini kwake. Watatu walimfuata Mama Soraya, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, aliyelitaka kwake. Watatu kwa watatu. Wakabishana mpaka adhana ya adhuhuri, wakapumzika, wakarudi, wakabishana kuanzia mwanzo.

Sasa, Byamungu alikuwa na tabia moja. Mfukoni mwa shati aliweka unyoya wa kuku, safi, wa kusafishia masikio. Maneno yakizidi, aliutoa, akauingiza sikioni, akauzungusha taratibu kwa vidole viwili, jicho moja amelifumba. Hakuwa na nia yoyote. Ni raha tu, na anayebisha hajawahi kujaribu.

"Mutoni kwangu," Jean-Marie alikuwa akinguruma, "maji inapita na nguvu! Watu wanaogopa! Mwaka uliopita hata mbuzi…"

Byamungu akatoa unyoya.

Mmoja wa wajumbe akamwona, akacheka. Wote wakageuka. Byamungu, jicho limefumba, aliendelea kuzungusha.

"Hata mbuzi," Jean-Marie akasema tena, sauti imepungua, "zinaruka… lakini kwa taabu."

"Zinaruka!" Mama Soraya akapiga meza. "Andika pale, Mama Léontine! Mutoni ya kurukwa na mbuzi! Kwangu ndiyo kuko mutoni ya kweli, daraja yetu ya zamani inaanza kuchoka…"

Byamungu akahamia sikio la pili.

"Muko na daraja tayari?" akauliza mzee Amisi.

"Ndogo," akasema Mama Soraya, na akaketi.

Tangu hapo hakuna aliyezungumza akimtazama mwenyekiti. Wote walizungumza wakiutazama ule unyoya. Byamungu hakujua. Yeye alidhani watu wa Kasongo wana adabu sana, wanamgeukia hata mgeni wa dawati la nyuma.

Jioni Jean-Marie alimfuata alikolala, akamletea kichwa cha samaki wa Lualaba, kikubwa kama jembe. "Papa Byamungu," akanong'ona, "weye uko unafikiri nini?" Byamungu akala kichwa, akatikisa kichwa chake mwenyewe kwa shukrani, akanawa. Jean-Marie akarudi kwa wenzake amepauka. Kesho yake asubuhi Mama Soraya alimletea wali wa nazi na kuku mzima, akauliza lilelile. Byamungu akala, akachagua unyoya mmoja mzuri wa yule kuku, akauweka mfukoni. Mama Soraya akaondoka amesahau sahani zake.

"Ule mutu ni hatari," aliwaambia wafuasi wake. "Kwa siku mbili hata neno moja. Iko na kitu anajua."

Alichojua Byamungu ni kwamba hajawahi kula vizuri hivyo tangu aoe, na kwamba hilo hatamwandikia mke wake. Mengine yote aliandika. Maana kwa vidole, mtu yule alikuwa msemaji. Kila jioni alimwandikia Francine mesaji ndefu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka: nani kasema nini, nani kaongopa, nani kasinzia. Tuone mtandao hupatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya msikiti, na Francine alikipanda kila siku saa nne asubuhi kusoma habari za Kasongo.

*

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho. Walipiga kura mara tano, na mara tano ikatoka tatu kwa tatu. Mzee Amisi alikuwa amekunywa maji chupa sita na alikuwa akiutazama mlango. Hapo Mama Léontine akaweka kalamu chini.

"Papa Byamungu. Nimeandika kurasa makumi ine, jina yako haiko hata ku moja. Juu ya nini hausemi kitu?"

Byamungu akatoa kipande cha karatasi, akaandika, akakipeleka mbele kwa miguu yake mwenyewe, akarudi kwenye dawati. Mama Léontine akasoma kwa sauti: "Barua inasema niko bila sauti."

Akaisoma tena. Kisha akaufunika uso kwa daftari, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Baba," akasema alipoweza, "ile sauti ni kura! Bila voix délibérative, maana yake hautapiga kura! Kusema unaweza kusema, toka siku ya kwanza, mupaka midomo ikauke!"

Kicheko kilichopigwa pale kiliwaamsha popo darini. Jean-Marie tu hakucheka, alikuwa akikifikiria kichwa chake cha samaki.

"Basi, baba," akasema mzee Amisi kwa upole, akipangusa macho. "Sema."

Masikini Byamungu. Siku tatu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kasongo. Akasimama, na dawati likasimama naye, maana magoti yalikuwa yamenasa. Watu wawili wakamvua. Akafungua mdomo. Ndani alikuwa nayo yote: gogo, kuni zisizokuwepo, mke wake amesimama peke yake mtoni, Clémentine akimtafuta mama yake kati ya wageni. Akatafuta pa kuanzia.

"Mimi," akasema.

Wakangoja. Nje mwanafunzi alianua shati lake kwenye daraja, akatazama dirishani, akaenda zake. Byamungu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Sauti yangu," akasema, "iko Tuone."

Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya dawati. Hakuweka spika. Haikuhitajika.

"BABA CLÉMENTINE!"

Mzee Amisi akashika kofia yake.

"Nimesoma yote! Ule Jean-Marie hana haya! Anataka daraja ya chuma ku mutoni yenye mbuzi inaruka na majani ku mudomo! Na ule Mama Soraya, iko na daraja moja, anataka ya pili ya nini, ya kuvaa siku kubwa? Na ule prezida ya baraza, umeandika ni muzee muzuri, sikatae, lakini ukimuuliza kama anataka chai ao kahawa, anakunywa maji!"

Byamungu alinyoosha mkono kuizima, lakini hakuwahi kufaulu kumkatiza Francine tangu ndoa yao, na simu ilikuwa imejifunza kwake. Jean-Marie alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Amisi aliisukuma chupa yake ya maji nyuma ya daftari.

"Unanyamaza? Vizuri, nyamaza. Bila sauti ni bila sauti. Lakini sikia." Na hapo Francine alishusha sauti, jambo ambalo hata mume wake hakujua linawezekana. "Leo asubuhi nilienda tena ku muti. Niliweka mguu moja. Nikarudi. Watu wanasema si kitu, ndoa utahadisiwa. Na nani? Na weye? Utarudi, nitakuuliza ilikuwa namna gani, utasema 'ilikuwa muzuri'. Ndiyo mwisho! Kila kitu kwako ilikuwa muzuri! Mutoto wangu atalia ao atacheka, sitajua. Atavaa rangi gani, sitajua. Nitakufa siku moja naye, bwana yangu, atasema ilikuwa mu…"

Mtandao ukakatika.

Mama Soraya alikuwa akitafuta kitambaa kwenye pochi ambayo haikuwa na kitambaa. Wa kwanza kusema alikuwa Jean-Marie, na safari hii hakunguruma.

"Ni kweli mbuzi zinaruka. Na majani ku mudomo." Akavuta pumzi. "Daraja, heri iende kwa ule mama kuliko kwa Soraya."

"Na miye vile," akasema Mama Soraya haraka. "Heri kwake kuliko kwa Jean-Marie."

Ndivyo baraza lilivyopata kauli moja. Mikono sita ikainuka. Mwishowe, huko nyuma, ukainuka wa saba, mrefu, na unyoya ukiwa bado kati ya vidole.

"Mukono ya Papa hatuhesabu," akasema Mama Léontine akiandika. "Sauti tumesikia."

*

Kulipeleka lile daraja Tuone kulichukua wiki tano, magari mawili na lugha chafu ya kila aina. Boliti ya mwisho ilikazwa siku nne kabla ya ndoa. Kambi nzima ilishuka Lubimbi. Mwalimu François alisoma hotuba yenye délibérative kumi na mbili, sasa kwa kuwa alijua maana yake. Kisha wakampisha Francine apite wa kwanza.

Alikuja amevaa kitenge kipya, sanduku kichwani, akisalimia kulia na kushoto kwa ile sauti yake. Akaweka mguu. Akatazama chini. Sasa hilo hakuna baraza lililolifikiria: sakafu ya daraja ilikuwa ya chuma chenye matundu, na katika kila tundu Lubimbi ilipita, nyeusi, inakimbia.

Sanduku likayumba. Francine akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mwanamke aliyepandisha watu kutoka chini ya ardhi alisimama pale, ameshika chuma kwa mikono miwili, bila sauti.

Byamungu akalipokea sanduku, akamshika mkono. Hakutafuta pa kuanzia.

"Kile kichwa ya samaki," akasema, "sikukuandikia. Ilikuwa kubwa. Kama jembe."

Francine akamtazama. Mguu ukasogea.

"Na kuku vile. Kuku muzima, Mama Clémentine, na wali ya nazi. Nilikula peke yangu. Na dawati, unajua dawati ilinasa? Nilisimama nayo, kama kobe. Na muzee Amisi, siku weye ulisema maji, alificha chupa. Ile jioni nikaenda kwa Clémentine, yuko mu duka, Djafari anamushikia kitambaa, wote wawili hawanioni. Nguo ya ndoa ni ya rangi ya machungwa iliyoiva. Ku mikono kuko maua madogo, meupe, alishona mwenyewe, moja moja. Aliniuliza, 'Papa, mama atakuja?' Nikasema atakuja. Alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena, kisha Djafari akaleta soda ya moto…"

Alisema habari ya duka, ya Subira, mama yake Djafari, na kilemba chake, ya popo wa ukumbini, ya mvua waliyonyeshewa njiani, ya mambo ya miaka ishirini na minne ya ndoa yao ambayo yote yalikuwa "muzuri" na kumbe yalikuwa na habari ndani. Kambi nzima ilisimama ukingoni, midomo wazi, ikimsikiliza fundi redio. Francine alikwenda macho amefumba, hatua kwa hatua, kucha zake zimezama mkononi mwa mume wake, mpaka chuma kikaisha na miguu ikakanyaga udongo.

Akafumbua macho. Akageuka, akalitazama daraja lote, akavuta pumzi ndefu. Ng'ambo ya pili kuku walianza kujificha.

"Ndiyo ivyo, Baba Clémentine," akasema, akimpangusa jasho usoni kwa ncha ya kitenge. "Sasa nyamaza. Ni zamu yangu."